Pedali ya Ghorofa ya Nne

Saa kumi na dakika kumi alasiri, seti ya dramu za umeme ilikuwa imepangwa sebuleni kwa muuzaji, ghorofa ya nne, mjini Ipoh. Muuzaji alivaa hedifoni akapiga. Hasnita, aliyekuja kuinunua, alisikia vijiti vikigusa mpira, basi.

"Hata paka hashtuki, dada."

Hasnita hakuhofia paka. Kule alikopanga yeye, jirani anayeishi chini yake alikuwa amemshtaki mara mbili kwa mwenye nyumba kwa sababu ya kelele. Shtaka la tatu, angehamishwa.

"Endelea kupiga, kaka. Hasa hiyo pedali."

Alishuka ngazi, akabisha ghorofa ya tatu, akamwomba mama aliyefungua amruhusu kusikiliza dari. Mshindo ulisikika wazi: du, du-du, du. Maji yalitetemeka ndani ya glasi mezani.

"Inakusumbua, mama?"

"Nini, hao wanaotwanga pilipili za mchuzi wa sambal? Mwanangu, kila nyumba inatwanga. Ila najiuliza, miaka miwili sasa, pilipili zote hizo wanakula akina nani?"

Hasnita alipanda tena.

"Haya, amesikia?" aliuliza muuzaji.

"Amesikia. Wewe huwa unapiga saa ngapi?"

"Saa kumi mpaka magharibi, watu wakipika."

"Nachukua," alisema Hasnita, akapiga magoti kufungua pedali.