Mwalimu wa Kwenye Video

Muhula mzima, mwalimu wa hesabu za uwezekano alirekodi video chumbani kwake, blanketi kalitundika mlangoni kuzuia mwangwi. Uwezekano wa mwanafunzi hata mmoja kuzitazama, moyoni aliukadiria kuwa sifuri.

Siku ya kwanza ya kuonana ana kwa ana, akashika chaki. "Tukirusha sarafu mara mbili..."

Binti wa kiti cha mbele akanyoosha mkono, uso umejaa huruma. "Samahani, Mwalimu. Unaumwa?"

"Mimi? Buheri wa afya! Kwa nini?"

"Kwenye video huwa unaongea haraka."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali.

Chaki ikabaki hewani. Kumbe wamezitazama zote, tena kwa kasi maradufu!

Akakunja mikono ya shati, akavuta pumzi, akaanza upya, maneno yakimtoka kama cherehani.

"Ee, ndiye huyu!" binti akashusha pumzi. "Ndiye mwenyewe!"