Chungwa la Jumatano

Kila kitu kiliharibika Jumatano, tarehe kumi na tatu Juni, langoni mwa hospitali.

“Visu vinne mfukoni, mzee? Unakwenda kumchinja nani?” mlinzi aliuliza.

“Nammenyea mke wangu chungwa. Kila kisu kimetoka nchi yake, naye kila siku anachagua cha nchi anayotaka kuitembelea. Jana alikwenda Ureno.”

“Kuanzia leo visu haviingii. Amri ya wakubwa hiyo. Virudishe nyumbani.”

Mzee Tindwa alirudi navyo, magoti yakimuuma, akiwalaani wakubwa ambao wake zao hulazwa kwingine. Alipofika tena wodini, kitanda kilishatandikwa upya.

Tangu siku hiyo huzunguka mjini na visu vyote vinne na chungwa moja, asijue alimenye kwa kipi. Muuguzi alimwambia kwamba neno la mwisho la mkewe lilikuwa swali: “Leo ananipeleka nchi gani?”