Vitufe vya Upande wa Kushoto

Barua ya nne kutoka Mibirizi ilikuwa fupi kuliko zote: "Papa Habineza, asante, sasa kuchapa kunakubali. Imebaki nukta. Naomba nayo ije upande wa kushoto."

Habineza aliikunja barua akaitupa juu ya meza. Nukta! Alikuwa fundi wa kompyuta pale Kamembe, na kwa wiki mbili nzima alikuwa akihangaishwa na mwanamke asiyemjua hata kwa sura. Mwanamke huyo, Mukandori, alikuwa karani huko Mibirizi mlimani, katika ofisi ndogo ya kutafuta jamaa waliopotezana vitani. Mwaka ule wa tisini na saba watu walikuwa wakitoka katika misitu ya Kongo kila juma, naye ndiye aliyepiga majina yao kwenye mashine ili yasomwe redioni kila Ijumaa.

Ijumaa mbili zilikuwa zimepita bila orodha.

Barua ya kwanza ilisema: "Niko na mkono wa kushoto tu wa kufanyia kazi. Je, amri za mashine zinaweza kuhamia upande huo?" Habineza alijibu kwamba zinaweza. Alizipanga njia za mkato kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaziweka kwenye disketi, akampa Munyemana, dereva wa pikapu, aipandishe mlimani.

Kumbe alikuwa amejitafutia balaa. Kitufe cha kuchapa orodha karatasini kilikuwa mwisho wa kulia. Alipokihamisha kushoto, programu ilimwambia kwamba nafasi hiyo ina kazi nyingine. Akaihamisha hiyo nyingine, nayo ikaifukuza ya tatu. Disketi ikapanda, barua ikashuka: "Nikitaka kuchapa, ukurasa unajifunga." Akaanza upya. Disketi ikapanda, barua ikashuka: "Sasa mashine inachapa, lakini kila nikitaka kuhifadhi, inachapa tena."

Hata hivyo hakulalamika. "Muntu ambaye vita vimemukata mkono," alimwambia mkewe Emerance, "namna gani nimukatalie nukta?"

Kwenye kibodi ile ya Kifaransa, nukta ilidai kitufe kimoja kishikiliwe huku kingine, cha upande wa kulia, kikibonyezwa. Asubuhi nzima ilipotea. Mara ilitokea mkato, mara halikutokea kitu. Mchana ndipo nukta ilipokubali kukaa pembeni kushoto, na Habineza akatoka nje na disketi kumtafuta Munyemana.

"Mupe pole ile mama," alisema. "Mukono wake ulikatikia wapi?"

"Mukono gani?" Munyemana alishangaa. "Ile mama iko na mikono yake yote mbili. Mizima kabisa, hata kovu hakuna."

"Uko hakika?"

"Si mimi ndiye nampelekea disketi?"

Habineza alihisi damu ikimpanda kichwani. Kaka yake Hategekimana alikuwa amepotelea ng'ambo ya Bukavu. Ijumaa zote mbili Habineza alikuwa ametega sikio redioni kungoja majina, na majina hayakuja. Kumbe yalicheleweshwa na mtu anayebembeleza mkono wake usichoke! Hakumpa Munyemana ile disketi. Aliitia mfukoni, akapanda pikapu mwenyewe.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Watu waliketi kwenye benchi, wengine wamesimama ukutani, wakingoja kuandikwa. Mukandori alikaa nyuma ya meza kubwa ya shule, yenye ubao mbele uliofika mpaka sakafuni, akibonyeza herufi mojamoja kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume ulikuwepo, mzima, shati limekunjwa hadi kiwikoni. Ulining'inia tu nyuma ya meza.

"Mimi ni Habineza, fundi."

Uso wa Mukandori uling'aa. "Karibu, Papa! Mulileta nukta?"

"Ule mkono unauma?"

"Hapana, Papa."

"Umepooza?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini kule chini?"

Mukandori aliwatazama watu wa kwenye benchi, akashusha sauti. "Uko na kazi."

"Kazi gani? Batu bananyamaza hapa tangu asubuhi kungojea kidole kimoja! Ndugu yangu iko kule Kongo, sijui kama ni muzima. Wiki mbili nahamisha vitufe, nikisema namsaidia kilema, kumbe ni muntu anapumzisha mkono!"

Mzee mmoja akaangalia sakafu.

"Musipaze sauti, Papa. Tafadhali."

"Nitapaza! Inua huo mkono. Uweke kwenye mashine, hapa mbele ya batu wote, nikuonyeshe mikono miwili inavyopiga nukta bila fundi."

"Papa, nakuomba..."

"Inua!"

Mukandori aliuinua polepole. Pamoja na mkono wake ukapanda mkono mwingine, mkavu, mifupa mitupu, vidole vyake vimefungamana na vya Mukandori. Nyuma ya meza, juu ya mkeka, kikongwe alishtuka usingizini, akapiga yowe dogo na kuukamata mkono wa Mukandori kwa mikono yake yote miwili.

"Maman, ni fundi wa mashine tu," Mukandori alimwambia, akiurudisha mkono chini. "Hakuna anayekuja kutuachanisha tena."