Mshukiwa Alisema Amina

Jumatano, tarehe 4 Machi 2082. Mvua ya Tukuyu ilianza kabla ya alfajiri, na haikuwa na dalili ya kukata.

Siku hizo sauti ya mshukiwa ilikuwa mali ya upelelezi. Hata nyumbani hakuruhusiwa kusema. Ambakisye alikuwa mshukiwa tangu kabla kitindamimba wake hajazaliwa. Mtoto alikuwa hajawahi kumsikia baba yake, mpaka jana.

Mpelelezi alibisha hodi pamoja na majirani wawili wa kushuhudia.

“Mama, kinasasauti cha ukutani kimemnasa mumeo.”

“Alisema amina, afande,” Tusekile alijibu. “Nilikuwa naombea chakula, ikamponyoka. Kwani yeye ni mhalifu?”

“La. Mshukiwa ni mtu ambaye upelelezi wake haujakamilika.”

“Utakamilika lini?”

“Unaendelea. Uahidi kwamba haitatokea tena, au tuondoke naye.”

“Ahidi, dada,” jirani mmoja alinung’unika, “tunalowa huku.”

Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa. Tusekile alimtazama, kisha akawageukia mashahidi, akapaza sauti.

“Naahidi mbele yenu: humu ndani hatutasali tena.”