Mkoromo wa Wimbo wa Tisa

Kitanda kilipandishwa jukwaani kabla ya ngoma. Kilikuwa cha mbao, cha watu wawili, na juu yake kilining'inia chandarua cheusi. Mafundi wa ukumbi walidhani ni pambo, mpaka walipomwona mama mmoja wa makamo akipanda na shuka zake kwapani na kuligandamiza godoro kwa kiganja, kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji.

Huyo alikuwa mama yake Kutu. Kutu alikuwa mwimbaji wa bendi, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. Kazi yake ilikuwa kunguruma. Bendi yao ilipiga muziki wa metali, tena ile kali kupita zote, ya aina inayowafanya majirani wajifunze kuandika barua za malalamiko.

Mambo ya kitanda yalianzia studio. Nyimbo nane za albamu mpya zilikuwa tayari, ukabaki wa tisa. Kutu alitaka uanze kwa sauti ambayo mtu akiisikia atajua ardhi imepasuka. Wakarekodi mashine ya kusaga, pikipiki isiyo na ekzosi, hata jenereta lililoingia maji. Fundi sauti alisikiliza yote akatikisa kichwa.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Kutu alikuwa ameketi sebuleni kwa wazazi wake waliokwenda kujinyoosha kidogo. Sauti ikatoka chumbani. Ilianza chini kama jiwe linaloburutwa, ikapanda, ikakatika, kisha ikalipuka upya kwa hasira. Vikombe vikatetemeka kabatini. Kutu alikua na sauti hiyo tangu utotoni, akaizoea kama watu wa kando ya reli wanavyoizoea treni. Siku hiyo ndipo alipoisikia kweli. Akatoa kinasa sauti, akakitega chini ya mlango.

Ukoo mzima ulijua kwamba baba anakoroma. Mama alishalisema kwenye vikao viwili vya familia, mashemeji wakiwapo: kwa miaka thelathini na minne, kila anaposhtuka usingizini, anauwahi mkoromo wa mumewe ukiishia. Baba, fundi saa mpole mwenye macho mekundu mwaka mzima, aliinamisha kichwa akaomba radhi. Kikao cha pili aliomba radhi na kumnunulia mama viatu.

Albamu ilitoka, na wimbo wa tisa ukawatia watu wazimu. Mwandaaji wa ziara akasema mashabiki hawatakubali mkoromo wa kwenye kanda, wanautaka mbichi. Ikabidi Kutu akamwombe baba yake. Mzee alifuta kioo cha saa kwa muda mrefu, kisha akauliza kwenye matangazo litaandikwa jina la nani.

"La kwako, baba. Kwa herufi kubwa."

"Langu peke yangu?"

"Lako peke yako."

"Basi sawa," akasema.

Onyesho la kwanza lilikuwa balaa. Baba alipanda kitandani peke yake, akapitiwa na usingizi mara moja, akalala kimya kama mtungi. Wimbo wa tisa ulianza bila chochote. Watu wakazomea. Mwandaaji akasema likitokea tena ziara imekwisha, na Kutu akajificha nyuma ya spika machozi yake yasionekane. Baba alipoamka, uso umemnawiri kama bwana harusi, alimwambia mwanawe neno moja tu.

"Mlete mama yako. Bila yeye hakitoki kitu."

Mama alikuja juu. Amevumilia nyumbani, sasa aje avumilie mbele ya watu? Na nani alale katikati ya kelele zile? Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akakubali kwa sharti moja: ziara ikiisha, baba aende hospitali akakatwe hicho kinyama cha puani kinachomkoromesha. Baba akaenda kuandikisha tarehe ya upasuaji, wala hakubisha.

Kuanzia hapo mambo yakanyooka. Mji baada ya mji, wazazi walijilaza, chandarua kikashushwa, kipaza sauti kikawekwa upande wa baba, na wimbo wa tisa ulipofika, ardhi ikapasuka. Mashabiki walimpachika mzee jina la Tetemeko. Fulana zenye sura yake ziligombewa. Mama naye kila asubuhi alishika kiuno akilalamika kwamba hakupata hata lepe la usingizi. Eti alikuwa amefumba macho tu.

Likaja onyesho la mwisho, katika ukumbi mkubwa kuliko yote. Mkoromo ukapanda, ngoma zikaingia, gitaa zikafuata. Ghafla ukakatika. Kutu akahesabu mapigo manne, kisha manane. Mpiga ngoma akamtazama kwa hofu. Kutu akaukumbuka umri wa baba yake, akaufikiria moyo wake. Akarudi nyuma huku akinguruma, kama vile ndivyo walivyopanga, akapiga magoti kando ya kitanda na kuinua pindo la chandarua.

Baba alikuwa ameketi, macho yamemtoka pima. Mkono mmoja ulikuwa ukiuweka sawa mto wa mama. Wa pili ulikuwa umeshika kipaza sauti juu ya mdomo wa mama.

Mama akavuta pumzi ndefu, akaiachia, na ukumbi mzima ukanyanyua mikono.

Baba akamvuta Kutu sikio.

"Usije ukamwambia," akanong'ona. "Ataona aibu."