Hema la Watu Watatu

Feri ilikuwa imeshaiacha gati ya kijiji cha Utne, na binti yangu alikuwa bado hajaamua abebe hema lipi mlimani. La watu wanne lilikuwa na kilo tano. La watu watatu lilikuwa jepesi kama shati, na lingewatosha yeye na watoto wake wawili. Mdogo alikuwa mgongoni mwake, na goti langu lilishakataa mizigo.

“Chukua jepesi,” nikamwambia. “Mimi narudi na feri hii hii.”

“Baba, usianze.”

Sunniva, mjukuu wangu mkubwa wa miaka sita, akalitandaza lile jepesi sitahani. “Haya, ingieni mlale!”

Tukalala, abiria wanacheka. Upepo ukaingia, hema likavimba, mwanga wa kijani ukatufunika, na vivuli vya milima vikapita juu yetu polepole. Kupitia sakafu yake nyembamba, mtetemo wa mashine ya feri ulinifika mbavuni.

Sunniva akajilaza mkingamo, miguuni petu.

“Babu, kunja hayo magoti. Unanuka kahawa, lakini unaenea humu.”

Hema zito lilirudi na feri, bila mimi. Tulitembea siku nne. Miaka imepita: binti yangu sasa anaishi Bergen, yule mdogo wa mgongoni ni baharia, Sunniva ni mrefu kunizidi. Mimi sipandi tena milima.