Bata Mzinga wa Bwana Shauri

Askari wa baraza Nsajigwa hakuwa na viatu, hakuwa na baiskeli, hakuwa na filimbi, na hata kofia hakuwa na ya kumtosha. Zaidi ya yote, hakuwa na breki ya ulimi. Ndiyo kwanza ahamishiwe Kyela kutoka Tukuyu, na tayari alijiita mpelelezi.

Bata mzinga aliyewekwa Kyela na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya aliyekaa Tukuyu, alikuwa ameibwa. Neli, mke wa Yotamu, alikuwa karibu kufungwa jela kwa ajili yake. Asubuhi ya wizi alikutwa migombani, kalala kifudifudi, nguo imemfunika kichwa, na manyoya ya bata yametapakaa njiani.

Siku ya kesi Neli alisimama nje ya baraza, nyuma ya ukuta. Majibu yake yaliletwa na shangazi yake, Tusekile.

"Mwizi ndiye hujificha," alisema malafyale Hezroni, chifu wao, akijichokonoa meno. "Afungwe, tukale."

"Ndaga, asante, malafyale, lakini subiri kidogo," alisema Nsajigwa. "Mama Tusekile, muulize alijificha kwa nini."

Tusekile alitoka, akarudi. "Anasema alipita mtu na gunia linalopiga kelele. Akajitupa migombani, akajifunika."

"Mtu gani?"

"Hawezi kumtaja jina."

"Anamwogopa?"

"Anamheshimu."

Nsajigwa alicheka hadi kofia ikamziba macho. "Wazee wangu, sisi Wanyakyusa au Wazungu? Mwanamke wa kwetu hujitupa kichakani akimwona nani? Hamtazami nani, hamtaji jina nani, kama si baba mkwe wake? Neli hana kosa. Mleteni huyo mzee mbele ya malafyale, nimfunge kamba."

Wazee walitazama vidole vya miguu yao. Mmoja alikohoa bila kuwa na kikohozi.

"Kwani anakaa mbali?" aliuliza Nsajigwa.

"Mwanangu," alinong'ona Tusekile, "unadhani Neli amesimama nje kwa nini?"

Malafyale, baba yake Yotamu, alikitupa kijiti cha meno. Kisha akaamuru Neli aende nyumbani, akaagiza kalamu, akamwandikia Bwana Shauri kwamba mwizi ni chui, na kwamba askari huyu ni hodari kupita mahitaji ya Kyela: apandishwe cheo, apelekwe Kigoma. Akailamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi Nsajigwa mwenyewe aipeleke Tukuyu kwa miguu.